Bwana Salama Nyumbani Kwetu

Jumapili, 6 Aprili

Mimi ni mtu wa bahati, na asiyeamini aulize kuanzia Bondeni mpaka Feri. Nimepikia mabaharia miaka ishirini na tano. Nimekula chumvi ya Karachi, ya Durban na ya Piraeus. Nimeanguka baharini nikaokotwa kabla maji hayajaniingia sikioni, na jiko la gesi limenilipukia likaunguza aproni tu, mwili likauacha. Wenzangu walivaa hirizi viunoni. Mimi nilikuwa na radhi ya mama yangu. Mwenye radhi ya mama haguswi, na yangu nilipewa nzima, siku naondoka, mkono wake juu ya kichwa changu. Bi Mwanakuu amezaa watoto watatu, lakini aliyebarikiwa ni huyu hapa, Abdulghafur, mpishi wa biriani za harusi, umri miaka hamsini na minane, na sasa, kwa uwezo wake Mola, nyota wa televisheni.

Daftari hili amenipa Awino, yule mama aliyetengeneza mchezo wetu wa televisheni. Yeye ni mtu wa Kisumu kwa asili lakini kazaliwa kwenye nyumba za reli hapa hapa kisiwani, na Kiswahili chake hakina kasoro. Mchezo unaanza kesho. Ameniambia, "Mzee Abdul, kila siku andika watu wanasema nini juu ya Bwana Salama. Nataka kujua hasa kinachowatisha ni nini."

Nikamwambia mimi shule niliishia darasa la sita, na hilo la sita lenyewe nilipita kwa dirishani.

"Andika unavyosema," akasema. Basi naandika ninavyosema.

Nimemsomea Maisara huo mwanzo, alipokuwa akichagua mchele. Maisara ni dada yangu, mjane, ndiye anayemtunza mama. Akanyanyua macho. "Hiyo radhi ulipewa lini, kaka?"

"Ulikuwa mdogo, hukumbuki."

"Nilikuwa na miaka kumi na tisa." Akarudi kwenye mchele wake.

Jumatatu, 7 Aprili

Tumeutazama. Nyumba ilijaa majirani mpaka ngazini.

Mchezo unaitwa *Mgeni wa Alasiri*. Bwana Salama ndiye mimi. Haji usiku, hana panga, hapigi kelele. Anakuja alasiri, jua likiwaka, kanzu imepigwa pasi, anabisha hodi, anakaribishwa. Anauliza hali za watoto, kila mmoja kwa jina lake, na hakuna aliyemtajia majina. Anakunywa kahawa, anashukuru. Akitoka anainama pale mlangoni palipo viatu, anachukua viatu vya mtu mmoja wa nyumba ile, anavigeuza vielekee nje. Anaondoka. Baada ya siku tatu mwenye viatu hayupo tena duniani. Bwana Salama katoka wapi, anataka nini, hakuna ajuaye, hata mimi niliyevaa kanzu yake.

Hilo la viatu nimelitoa mimi, liandikwe. Kwenye karatasi za Awino, Bwana Salama alikuwa aache kisu juu ya meza. Nikamwambia, dada yangu, visu hata mchinja mbuzi wa Kuze anavyo na hakuna anayemkimbia. Nikamweleza desturi yetu: mtu akiingia nyumba ya watu huvua viatu mlangoni, na kijana mwenye adabu humgeuzia mkubwa wake, vitazame nje, ili akitoka aingize mguu tu aende. Madrasa tulimgeuzia mwalimu. Hapa nyumbani mama hugeuziwa makubadhi yake kila siku. Sasa hebu fikiri, nikamwambia Awino, adabu hiyo hiyo aifanye mtu usiyemjua. Akajisugua mikono. "Mzee, mwili umenisisimka." Nilitembea na maneno hayo wiki nzima kama mtu aliyevishwa nishani.

Mama alikuwa amekaa mbele kabisa. Ana miaka themanini na minne na akili yake siku hizi huja na kwenda kama umeme wakati wa mvua. Mimi ananiita Khubaib, jina la ndugu yangu mdogo. Wazee huchanganya majina ya watoto, nami huitika. Alipomwona Bwana Salama akasema, "Huyu bwana ana adabu. Mwana wa nani?"

"Wako, mama."

"Wangu yuko hapa," akanishika goti.

Watu wakacheka, nami nikacheka kuwashinda.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua kutwa.

Jumatano, 9 Aprili

Nimekwenda Marikiti kununua viungo vya harusi ya Jumamosi. Wallahi kumbe umaarufu ni kitu kitamu. Muuza nyama kanikatia mnofu bila kuniuliza kilo ngapi. Wanawake wawili wameshikana mikono wakahamia upande wa pili. Msikitini hakuna aliyeacha viatu karibu na vyangu, vimekaa peke yao kama wagonjwa wa kuambukiza. Watoto wa mtaani kwetu waliponiona nakuja, wote wameingia ndani mbio na kutoka tena mbio kuokota ndara zao.

Baya, Mgiriama anayeniuzia nazi, yeye hakukimbia. Alinitazama kwa uchungu kama nimemfilisi.

"Mzee Abdul, we wanitisha."

"Kwa sababu gani? Sikushika hata kisu."

"Ndiyo maana. Mwizi ataka mali. Pepo ataka ubani na kuku. Ukishajua ataka nini wampa, aenda zake. Huyo bwana wako hasemi ataka nini. Sasa mimi nimpe nini aondoke?"

Awino, hilo liandike kwa wino mwekundu.

Jumatatu, 14 Aprili

Sehemu ya pili. Leo viatu vilikuwa vya bibi kizee. Siku ya tatu wanawe wakaamka wakakuta kitanda kimetandikwa na yeye hayupo. Sebuleni kwetu hakuna aliyekohoa.

Mama alipokwenda kulala aliingia na makubadhi yake mkononi.

Alhamisi, 17 Aprili

Mvua. Paa la uani linavuja pale pale pa mwaka jana.

Ijumaa, 18 Aprili

Sijui nianzie wapi, na mimi sikosi pa kuanzia.

Mama alikuwa na miadi kwa daktari, kifua kimembana tangu mvua zianze. Maisara alimvisha buibui, mimi nikatangulia kutafuta tuktuk, nikaileta mpaka mdomo wa kichochoro. Nikarudi ndani, nikayaona makubadhi yake kando ya kizingiti cha chumba, yamekaa ovyo. Nikafanya ninachofanya kila siku. Nikainama, nikayashika, nikayageuza yatazame nje.

Nikasikia sauti ambayo sijaisikia kwa binadamu, labda kwa paka. Nikainua uso. Mama alikuwa amesimama juu yangu, amejishikiza kwenye mwimo wa mlango, macho yamemtoka.

"Ndiye," akasema. "Maisara, ndiye. Kaingia."

"Mama, huyu ni kaka."

"Mtoe. Yuwapi Khubaib? Mwiteni Khubaib aje amtoe."

"Mama, ni mimi," nikasema, na kwa upumbavu wangu nikatabasamu. Awino alinifundisha lile tabasamu. La taratibu, midomo imefumba. Wallahi sikulikusudia, ni uso wangu tu, ndio huo huo. Mama akarudi nyuma mpaka kitandani, akavuta leso akajifunika kichwa kizima, akawa anasoma aya alizozikumbuka, hii nusu, hii robo, zote zimechanganyika.

Daktari hatukwenda. Dereva wa tuktuk alipiga honi mara nne akaondoka.

Nimekaa jikoni nimepika uji wa mchele, mwembamba, tui kidogo, iliki mbili, vile anavyopenda. Nikaupeleka mwenyewe. Alipoona ni mkono wangu ulioshika bakuli akafumba mdomo kama mtoto. Maisara akalichukua bakuli, akazunguka nalo, akarudi nalo lile lile kwa mlango wa pili. Mama akanywa wote.

Nimewalisha mabaharia wa mataifa kumi na moja. Hakuna aliyewahi kukataa bakuli langu.

Jumamosi, 19 Aprili

Nimenyoa masharubu.

Jumapili, 20 Aprili

Kunyoa hakukusaidia. Amesema, "Kajibadilisha, lakini namjua."

Jumatatu, 21 Aprili

Maisara alikusudia kuchomoa waya wa televisheni aseme imeharibika. Mama akamkatalia.

"Iwashe."

"Mama, yule mtu si wamwogopa?"

"Ndiyo nataka nimwone. Akiwa mle ndani ya kioo, hayuko humu."

Basi tumeiwasha. Mimi nilikaa uani chini ya paa linalovuja, mpaka ulipoisha mchezo, ili nisiwe mahali pawili kwa wakati mmoja.

Alhamisi, 24 Aprili

Nimekwenda kwa Awino, ofisini kwake Ganjoni. Nimemwambia aukate mchezo. Akasema hawezi, sehemu zote nane zimekwisha kupigwa picha na kupelekwa, mwenye televisheni ndiye mwenye amri. Alikuwa karibu kulia. Nikajikuta mimi ndiye ninayemliwaza yeye. Nimemwambia mama yangu ni mtu wa mzaha, itapita.

Njiani nilimfikiria Baya na nazi zake. Alikosea kidogo. Si kwamba Bwana Salama anatisha kwa kuwa hajulikani anataka nini. Baharini nimekutana na watu wengi wasiojulikana wanataka nini, na wengi wao walitaka sigara tu. Anatisha kwa kuwa anafanya kile kile anachofanya mtu wako. Mkono ni ule ule, kuinama ni kule kule. Mtu akija na panga wamjua ni adui hata kwa mgongo. Huyu akija, inakupasa uanze kumshuku kila aliyewahi kukugeuzia viatu.

Na mkono huo nimempa mimi. Hakuna aliyeniomba.

Jumapili, 27 Aprili

Awino alikuja na ndizi na maua. Alipiga magoti mbele ya mama, akamweleza kwa upole: huu ni mchezo, mimi ndiye niliyeutunga, huyu ni mwanao, kanzu hii nilimnunulia mimi, hii hapa picha tukicheka pamoja kazini.

Mama aliitazama picha sana. Akampapasa Awino shavu. "Ahsante, mwanangu. Na wewe pia alikutuma yeye? Maskini. Una watoto?"

Awino akatoka nje akajifuta macho kwa kanga ya Maisara iliyokuwa kambani.

Ijumaa, 2 Mei

Leo limetokea jambo.

Nilikuwa nimesimama nje ya chumba cha mama, nyuma ya pazia, nasikiliza pumzi yake. Siku hizi huo ndio mgawo wangu. Nikakohoa. Akasema, "Khubaib?"

Nikarudi nyuma hatua moja.

"Khubaib, mbona wasimama nje? Mguu wako naujua."

Nikasema, "Naam, mama."

"Ndoo, ingia."

"Nina tope mguuni, mama. Nitakuchafulia mkeka."

Akacheka. Wiki mbili sijasikia kicheko hicho. "Basi kaa hapo hapo. Yule bwana yuko?"

"Hayuko. Nimemtoa."

"Mungu akuweke."

Tukazungumza mpaka adhana ya alasiri. Kanieleza habari za kisima cha nyumba ya baba yake, na mbuzi aliyekula hati ya nyumba. Maisara alinikuta nimekaa sakafuni, kichwa nimeegemeza ukutani. Alinipa mto.

Khubaib amekufa miaka kumi na minne. Homa ya manjano, siku tano tu. Mimi nilikuwa Piraeus, nilipigiwa simu, nikasema meli inapakia. Ilikuwa kweli inapakia. Iliendelea kupakia siku tisa.

Nilirudi nyumbani mwaka wa elfu mbili na kumi na tisa. Siku ile naingia mlangoni na begi langu mama akasema, "Khubaib, umechelewa leo." Nikasema naam, mama, nimechelewa.

Jumamosi, 3 Mei

Harusi Majengo. Degi nne za biriani. Bwana harusi kaniomba nisisimame karibu na mlango.

Jumatatu, 5 Mei

Mvua. Pazia. Uji kanywa nusu.

Jumanne, 6 Mei

Mvua. Pazia. Uji kanywa vijiko sita.

Jumatano, 7 Mei

Maisara ameniambia kitu wakati tunakunja nguo zisizokauka. "Kaka, makubadhi ya mama, aliyekuwa akimgeuzia ni Khubaib. Tangu ana miaka saba. Kila siku ya Mungu."

"Na mimi pia."

"Wewe ulianza uliporudi. Uliiga. Nilikuona wiki ya kwanza, ulinitazama nikimgeuzia mimi, kesho yake ukaanza."

"Sasa kuiga jambo zuri ni dhambi?"

"Sikusema dhambi." Akanyoosha kanzu yangu mikono. "Nilifurahi. Nasema tu, usijilaumu kana kwamba ulikiuza kilicho chako."

Dada yangu ana maneno machache. Mimi nina mengi, na yote leo hayakunisaidia.

Ijumaa, 9 Mei

Nimeuliza. Miaka yote hii nimekuwa nikiliogopa swali hili kuliko mawimbi ya Rasi ya Tumaini, na leo nimeliuliza kupitia kwenye kitambaa cha maua.

Nilingoja mpaka akamaliza habari za mbuzi. Nikasema, kwa sauti ya Khubaib, yaani kwa sauti yangu bila mzaha ndani yake, "Mama, yule Abdulghafur."

Mvua ilikuwa inapiga mabati.

"Ameandika?" akauliza.

"Hapana. Ameniambia nikuulize kama umemwia radhi."

"Kakutuma?"

"Naam."

Nikasikia kitanda kikilia, alikuwa anajigeuza. "Mwambie radhi haitumwi mtu. Mtu hutuma mchele, hutuma salamu. Radhi aifuata kwa miguu yake. Mwambie aje mwenyewe, akae hapa mbele yangu nimwone uso, tuzungumze."

"Na akija?"

"Akija ntajua la kumwambia."

Nilikuwa hatua tatu kutoka kitandani kwake. Nimehesabu. Niliinua mkono nikalishika pazia. Nikikaa nyuma yake mimi ni Khubaib na ninapendwa. Nikilifungua mimi ni Bwana Salama. Abdulghafur hakuwa upande wowote wa pazia lile.

Nikaliachia.

Jumatatu, 12 Mei

Mvua. Sikwenda popote.

Alhamisi, 15 Mei

Daktari kaja nyumbani, kijana mmoja mpole anaitwa Maxwell. Amesema kifua kimejaa maji. Amesema hospitali inaweza kumtoa maji, lakini moyo umechoka na uamuzi ni wetu. Mama aliposikia akasema yeye hatoki nyumba hii, viatu vyake hajavaa. Hatukumlazimisha. Maxwell alipotoka alinitazama mara mbili, akaona haya, akaniambia mamake hukaa Changamwe na hataki kulala siku za Jumatatu bila kuweka kiti nyuma ya mlango. Alidhani ananisifu.

Jumatatu, 19 Mei

Uji vijiko viwili. Leo hakumwita Khubaib. Nilikohoa mara tatu.

Alhamisi, 22 Mei

Jua limetoka saa nzima. Maisara katoa magodoro yote. Likarudi wingu.

Jumatatu, 26 Mei

Leo ndiyo sehemu ya mwisho ya mchezo. Sikuitazama, na hapa kwetu televisheni haikuwashwa, mama hana tena nguvu ya kuidai.

Baada ya sala ya alasiri Maisara alikwenda kwa jirani yetu Fadhiya kuomba barafu. Nikabaki peke yangu nyuma ya pazia. Pumzi ya mama ilikuwa ndefu, kisha hakuna, kisha ndefu. Nikasema moyoni, Abdulghafur, umekimbia matanga ya baba, umekimbia jeneza la Khubaib. Na hili nalo, meli gani inapakia?

Nikanawa uso. Nikabisha. "Hodi."

Hata kwa hali ile, adabu haikumtoka. "Karibu."

Nikafungua pazia nikaingia.

Hakupiga ukelele. Alinitazama muda mrefu, kisha akavuta leso akajisitiri kifua, kama afanyavyo mwanamke mwenye heshima mbele ya mgeni.

"Umekuja," akasema.

"Nimekuja, mama."

"Nilijua utakuja alasiri. Kaa."

Nikakaa kwenye mkeka. Nilikuwa nimejiandalia maneno. Nilikuwa niseme, mimi ni Abdulghafur, nimekuja kwa miguu yangu, nitazame uso. Nikafumbua kinywa. Yeye akaniwahi kwa kunyanyua kidole.

"Mimi sina neno. Miaka themanini nimeila. Makubadhi yangu yako hapo, utayageuza. Lakini nna ombi, na wewe wasema watu una adabu, basi nisikize."

"Nakusikiza."

"Nna mwana, yuko melini. Jina lake sikwambii, usije ukalijua. Usimfuate."

Nikainamisha uso kwenye mkeka.

"Huyo hana mtu," mama akasema. "Khubaib ana mimi, Maisara ana mimi. Huyo yuko peke yake huko na mdomo wake. Nyumba yake siijui, na wewe usiijue. Nichukue mimi, mambo yaishe."

Nikamwuliza, na sauti iliyotoka ilikuwa ya Bwana Salama hasa, ya chini, ya taratibu, sina nyingine iliyonibakia. "Huyo mwana, alikukosea?"

Akanikazia macho. Hofu yote ilikuwa imemwondoka. Alikuwa mama wa mtu, anauliziwa mambo ya nyumbani na mtu baki.

"Hayo ni yangu na yeye. Wewe hayakuhusu. Akija, ntamwambia mwenyewe."

"Naam."

"Apa kuwa humfuati."

"Wallahi simfuati."

"Sema tena."

"Wallahi, mama, simfuati."

Akashusha pumzi. Akaonyesha kwa kidevu kule mlangoni. "Haya."

Awino, mimi nimeigiza sehemu nane za mchezo wako. Hii ilikuwa ya tisa na hakukuwa na kamera. Nikainuka, nikainama pale kizingitini, nikayachukua makubadhi ya mama yangu, mepesi kama maganda ya karanga, nikayageuza yatazame nje. Nilipogeuka alikuwa amefumba macho, uso umelegea. Kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze alilala bila leso kichwani.

Maisara alinikuta uani. Nikamweleza yote. Akaiweka ile barafu chini, ikayeyuka pale pale.

Alhamisi, 29 Mei

Mama amefariki saa tano asubuhi. Maisara alikuwa amemshika mkono. Mimi nilikuwa mlangoni.

Innalillahi wa inna ilayhi rajiun.

Jumamosi, 31 Mei

Jana tulimzika baada ya sala ya Ijumaa. Mwanamke hupokewa kaburini na watu wake, na mtu wake wa kiume aliyebaki ni mimi. Nikateremka. Udongo ulikuwa maji matupu, mguu ulizama mpaka kwenye fundo. Wakanipa kutoka juu, nikampokea kwa mikono miwili. Sikujua kama mtu mzima anaweza kuwa mwepesi hivyo. Nikamlaza kwa ubavu wa kulia, nikafungua fundo la sanda kichwani. Watu juu walikuwa wanasoma na mvua ilikuwa inawanyeshea. Walinyoosha mikono kunitoa. Nikawaambia ngojeni. Waliponivuta hatimaye, Baya ndiye aliyeshika mkono wangu wa kushoto. Yeye si wa dini yetu, lakini alikuja kutoka Marikiti amevaa kofia ya kuazima.

Usiku wa hitma nilimwambia Maisara: alasiri ya Jumatatu, na siku ya tatu yake ikawa Alhamisi. Kama mchezoni.

Akanigeukia kwa hasira ambayo sijaiona kwake tangu utoto. "Mama alikuwa na miaka themanini na minne na kifua kimejaa maji. Usijitie kuwa Bwana Salama. Mtu huyo hayupo. Aliyekuwepo chumbani ni wewe."

Jumamosi, 7 Juni

Idi. Hatukupika. Fadhiya katuletea sinia.

Jumatano, 11 Juni

Mvua imepungua. Awino amepiga simu, sauti ya chini, kwanza rambirambi, kisha kwa kuona haya akaniambia watu wa televisheni wanataka Bwana Salama arudi mwakani. Nimemwambia amtafute mwingine, uso huu una kazi nyingine. Akauliza kama nimelihifadhi daftari. Nikamwambia kesho nitalileta Ganjoni, alisome lote, asiruke.

Uliuliza, dada, kinachowatisha ni nini. Baya alikwambia, mama yangu alikwambia, mimi nimeandika kadiri ya darasa langu la sita. Ninaloweza kuongeza ni hili: mama hakumwogopa hata kidogo mara alipopata kitu cha kumwomba. Alikaa naye kama mtu na mtu. Aliyekuwa akitetemeka mle chumbani ni Bwana Salama.

Na kuna jambo la kusahihisha. Niliandika mwanzo wa daftari hili kuwa mama aliniwekea mkono kichwani siku naondoka. Hakuniwekea. Baba alikuwa ana siku kumi na mbili kaburini, mama akanisihi ningoje arobaini, nikamwambia meli haingoji mtu. Nilipomnyooshea mkono kumuaga, aliuficha wake ndani ya leso. Radhi ya mama yangu sina, wala sikuwahi kuwa nayo.